German Shepherd au Japanese Spitz kwa nyumba ya Sahare, Tanga?

Mama wa Sahare

Wadau, naomba ushauri kabla hatujalipia mtoto wa mbwa. Nyumba ipo Sahare, kiwanja mita 20 kwa 30, mbele ukuta wa matofali futi sita, nyuma seng'enge na michongoma. Tuna watoto wa miaka 5 na 9, na mama mkwe anayetembelea mkongojo. Kuku wa kienyeji wanaachiwa mchana. Mume wangu anataka German Shepherd kwa ulinzi wa usiku. Mimi naona Japanese Spitz anatosha: mdogo, anabweka, chakula chake kidogo. Nyumba ni ya Waislamu, kwa hiyo mbwa hataingia ndani. Yupi anatufaa, na chakula kinapishana kiasi gani?

Bwana Mifugo Ngamiani

Dada, hapo uliposema hataingia ndani ndipo penye jibu. Spitz ni mbwa wa kukaa miguuni pa watu. Ukimfungia bandani peke yake atabwekea paka, popo na upepo mpaka alfajiri, na baada ya wiki mbili hakuna atakayeamka kutazama. Pia ana manyoya meupe marefu, na ua wa mchanga na matope ya masika utawachosha nyote wawili. Kwa sharti lenu, huyo mdogo ndiye mgumu kumtunza. German Shepherd anavumilia kulala nje, ila naye anataka saa moja hadi mbili za kushughulishwa kila siku. Akifungwa mnyororo mchana kutwa anakuwa mkali ovyo, hata kwa watoto wa nyumbani.

Chakula: Shepherd wa kilo 32 anakula gramu 400 hadi 450 za chakula kikavu kwa siku, Spitz wa kilo 7 hafiki hata gramu 140. Ukimpikia ugali, usiwe ugali mtupu. Changanya dagaa waliooshwa mpaka chumvi itoke, mapupu au utumbo uliochemshwa. Mabaki ya mchuzi msimpe kabisa, kwa sababu mchuzi wetu karibu wote umeanza na kitunguu, na kitunguu kinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo inapasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Shepherd ale mara mbili kwa siku, na asikimbizwe saa nzima baada ya kula, maana mbwa wenye kifua kirefu tumbo huweza kujaa hewa na kujipinda. Likijipinda, bila upasuaji wa haraka anakufa.

Kuhusu mate ya mbwa, mnajua wenyewe: kwa madhehebu ya Shafii, yalipogusa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Basi sufuria zake na ndoo yake ziwe mbali na bomba la kutawadhia, na banda lisiwe kwenye njia ya mlango wa jikoni.

Fundi Mabanda Chumbageni

Naongeza la joto. Mbwa anajipoza kwa kuhema, na fukuto letu la Desemba hadi Machi linazuia unyevu wa ulimini usikauke. Hawa wote wawili wana manyoya ya tabaka mbili. Msiwanyoe! Tabaka la juu linazuia jua lisifike kwenye ngozi. Chana kwa brashi ya chuma mara mbili au tatu kwa wiki, manyoya ya ndani yaliyokufa yatoke. Mazoezi yawe saa 12 alfajiri na baada ya saa 12 jioni. Mkiona anahema kwa nguvu, ute mzito mdomoni na anayumba, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na mumpeleke kwa daktari papo hapo.

Banda liwe chini ya mwembe, mita 2 kwa 3, sakafu ya saruji yenye mteremko, paa la makuti.

Bwana Mifugo Ngamiani

Ndugu yangu fundi, kwenye makuti sikubaliani nawe. Kupe wa mbwa akishashiba anashuka, anapanda ukutani na kutaga mayai maelfu kwenye nyufa na paa. Kupe huyo ndiye anayeleta homa za damu: fizi nyeupe, kukataa kula, wakati mwingine damu puani. Wekeni bati, juu ya bati ndipo mtandaze makuti ya kuzuia joto, na nyufa zote zizibwe kwa saruji. Dawa ya kupe ipimwe kwa uzito wa mbwa. Ile ya kuogeshea ng'ombe msiikadirie kwa macho, ikizidi inamlevya na inaweza kumuua.

Mama wa Sahare

Nashukuruni sana. Je, mama mkwe atakuwa salama na Shepherd? Na tukimchukua mbwa huyo kwenda shambani upande wa Pangani?

Mfugaji wa Pongwe

Shikamoo ifike kwa mama. Shepherd wa miezi sita hadi mwaka na nusu ana nguvu za mtu mzima na akili ya kitoto. Anaruka kwa furaha na mzee anaanguka. Tenganisheni ua kwa geti dogo, na mama akitoka kuota jua mbwa awe upande wa pili. Chukueni jike, kilo 22 hadi 32, kuliko dume anayefika 40. Aje akiwa na wiki nane, kuku aanze kuwaona akiwa kwenye kamba, na chanjo zirudiwe kila wiki tatu au nne mpaka wiki 16. Ya kichaa cha mbwa ni miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kabla ya kulipa, waoneni wazazi wake wakitembea: mama anayeyumba kiunoni anaweza kuwapa mtoto mwenye nyonga mbovu. Na ile seng'enge ya nyuma ibadilisheni kwanza, muweke ukuta wa matofali.

Pangani mjini hakuna shida kubwa. Mkisogea kusini kuelekea Mkwaja na Saadani kuna mbung'o, na mbwa wa kizungu hawana kinga ya ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao. Jicho likifanya ukungu wa bluu na uso ukivimba, apimwe damu siku hiyo hiyo. Safari ya huko mwacheni nyumbani.