Naomba ushauri: je, mzee Lieberman wa filamuni alikosea kuichoma ile orodha?

Ndugu zangu, juzi nimeirudia filamu ya The Boys from Brazil ya mwaka 1978, ambamo Gregory Peck anaigiza kama Mengele, daktari wa Kinazi ambaye humo filamuni alizalisha wavulana 94, yaani nakala za Hitler, kutokana na seli zake. Safari hii kilichonigusa si ule msako, bali ni pale mwishoni ambapo mzee Lieberman, msaka Wanazi, akiwa amelala kitandani hospitalini, anaichoma moto orodha ya majina ya watoto hao ili asitokee mtu wa kuwaua. Machozi yalinilengalenga.

Binti yangu, anayesoma biolojia, anashikilia kwamba mzee alikosea, kwa kuwa damu ni damu. Mimi naamini kuwa nakala hurithi vinasaba tu, wala hairithi malezi. Hata Mengele wa filamu alilijua hilo, ndiyo maana aliamuru baba walezi wa watoto hao wauawe wakikaribia miaka 65, umri aliofia baba yake Hitler, ili malezi yao yafanane na ya Hitler. Nimemtajia kondoo Dolly, aliyenakiliwa mwaka 1996, lakini Dolly hatuelezi lolote kuhusu tabia ya binadamu.

Naomba mnishauri: nimpe mfano gani wa kisayansi, labda wa mapacha wa kufanana waliolelewa mbalimbali, utakaomfanya alitafakari upya jambo hili?