Mashine ya kupima pH shambani: elektrodi mbili zinapishana mchana

Moiben_Nebraska
Wakuu, salamu. Mimi ni Mkenya, niko Nebraska kwa mafunzo ya kilimo. Bosi amenikabidhi trekta linalovuta Veris, ile mashine inayochota udongo na kupima pH (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi) huku inatembea. Asubuhi elektrodi zake mbili, zile zinazogusa udongo na kusoma pH, zinakaribiana. Ikifika saa nane mchana moja inasoma 5.4, nyingine 6.2, na namba hazitulii. Shamba lina mabua ya mahindi, udongo wa juu umekauka. Nimeziosha, bado. Shida iko wapi?

Mnyiha_Kansas
Mdogo wangu, zichovye kwanza kwenye bafa (maji maalumu ambayo pH yake inajulikana) ya 4, kisha ya 7. Zikisoma sawa, elektrodi ni nzima, usizilaumu tena. Rudi kwenye udongo.

Elektrodi hizo ni za antimoni na zinapima udongo kama ulivyo, haukorogwi na maji kama maabara. Kwa hiyo unyevu ndio kila kitu. Udongo mkavu unameguka ndani ya kiatu, yaani kile chuma cha kuchotea udongo, unagusa elektrodi moja vizuri na ya pili inabaki na maji ya kuoshea. Simamisha trekta, zima injini, chomoa ufunguo, ndipo uchungulie. Kiatu kile kinasukumwa na haidroliki, hakina huruma na vidole.

Tazama pia mabua. Bua likikwama kwenye mfereji wa kiatu, udongo mpya hauwezi kuusukuma wa zamani utoke. Mzunguko mmoja ni kama sekunde 10. Ukienda kilomita 10 kwa saa umesogea karibu mita 28. Basi unapima udongo wa huko nyuma, na GPS inaandika ni wa hapa. Hilo linaniuma kuliko elektrodi iliyovunjika, kwa sababu ukiangalia skrini kila kitu kinaonekana sawa.

Shusha kina hadi sentimita 8 au 10 ukaufikie udongo mbichi. Tenki jaza maji safi. Maji magumu ya kisima yanaacha utando mweupe kwenye elektrodi. Na ukikuta pakavu hadi chini, acha kazi, mwambie bosi msubiri mvua. Chokaa itamwagwa kwa kufuata ramani yako, na ikishamwagwa hakuna wa kuizoa.

Maabara_Tanga
Mkuu hapo juu kasema kweli. Naongeza hili: pH peke yake haikuambii uweke tani ngapi za chokaa. Mfinyanzi wenye 5.3 unahitaji chokaa nyingi kuliko kichanga chenye 5.3 hiyohiyo. Chagua sehemu chache, zile ambazo mashine inasema zina pH ya chini, ya kati na ya juu, uchote kwa mkono palepale kwenye alama ya GPS, upeleke maabara wapime pH na pH ya bafa, kipimo kinachoonyesha udongo unahitaji chokaa kiasi gani. Maabara ikipishana na mashine kwa kiasi kilekile kila mahali, sogeza ramani yote kwa kiasi hicho. Ikiwa huku iko juu na kule iko chini bila mpango, ramani hiyo usiitumie.

Moiben_Nebraska
Bafa zimesoma sawa. Bua limekutwa, limejibana kabisa kwenye mfereji. Asanteni sana. Sasa la nyumbani: mzee anapanda mahindi kwa DAP kila msimu, ekari mbili, na mazao yanashuka. Mashine ya namna hii ingemfaa?

Mnyiha_Kansas
Kwa ekari mbili, hapana, pesa hiyo anunue chokaa. Mbolea zenye amonia, DAP ikiwemo, huongeza tindikali kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo ana haki ya kupima. Atembee zigizaga shambani, achote sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20, aruke penye kichuguu na palipolala ng'ombe. Achanganye vizuri, apeleke nusu kilo maabara. Ndoo iwe ya plastiki, imeoshwa, na isiwe ile ya kubebea mbolea.