Naomba ushauri: nina bastola ya kujilinda, nitembee nayo au ikae nyumbani?

Wakuu, salaam. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Kahama na namiliki bastola kihalali, leseni ninayo. Niliiomba kwa sababu jioni nikifunga hesabu naondoka na fedha taslimu, na njia ya nyumbani ina giza.

Naamini raia ana haki ya kujilinda, na sheria yetu inaitambua. Lakini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18B, inataka utumie nguvu ya kadiri. Ukizidisha mtu akafa, unajibu kesi ya kuua bila kukusudia. Sasa bodaboda inanipita taratibu, abiria ananigeukia, mkono uko ndani ya koti. Hapo nafanyaje? Hili ndilo linaloninyima usingizi. Wenye uzoefu, mlijifunza wapi kuamua ndani ya sekunde chache?

La pili ni watoto. Kitinda mimba wetu ana miaka sita na anapekua kila droo. Kabati la chuma nimelifunga ukutani kwa bolti, risasi nazitenga na bastola, ufunguo hauniachi. Mke wangu anasema haitoshi, anataka tuikabidhi polisi kila tunaposafiri, na mimi naona ana hoja. Utaratibu wa kuihifadhi kituoni ukoje? Unapewa hati gani ya makabidhiano?

Wale wa "piga kwanza, maswali baadaye" naomba wanipishe. Nawahitaji wanaomiliki silaha na waliopata mafunzo.