Je, anayependa tamthilia za mapenzi hana haki ya kulalamika akishikwa bila ridhaa?

BintiTudor ameuliza:

Assalaam alaykum na hamjambo nyote. Naomba mnisaidie kulitafakari jambo ambalo limekigawa kikundi chetu.

Sisi ni wapenzi wa tamthilia za Kikorea hapa Mombasa, wengi wetu wanawake, kuanzia wasichana wa vyuo hadi akina mama wanaokuja na watoto wao. Hukodi ukumbi mdogo, tukatazama vipindi kwa projekta, tukabishana hadi usiku juu ya nani alistahili kumwoa nani, na baadhi yetu huja wamevalia kama wahusika. Nakipenda kikundi hiki kwa dhati, kwa sababu ni mahali pachache ninapoweza kuzungumzia mapenzi, wivu, wakwe na talaka na wanawake wa rika zote pasipo mtu kuniuliza nitaolewa lini.

Katika kikao chetu cha mwisho, msichana mmoja wa chuo alikuja amevaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, aliyoshonewa na fundi wa Mji wa Kale kwa kufuata picha. Vazi hilo hufungwa kwa utepe mrefu kifuani, na utepe huo ndio unaolishikilia. Mwanachama mmoja wa kiume, ambaye ndiye mwenye projekta na ndiye anayetutafutia vipindi vyenye tafsiri, alimwambia kwamba fundo lake limekaa vibaya, na kabla hajajibiwa akaanza kulifungua na kulifunga upya, mikono yake ikikawia kifuani pa msichana kuliko fundo lolote linavyohitaji. Msichana akarudi nyuma, naye akamfuata, akisema, "Nakutengenezea tu." Usiku ule picha aliyompiga ikawekwa katika kikundi chetu cha WhatsApp pamoja na maneno juu ya maumbile yake ambayo sitayarudia hapa.

Tulipolijadili, wengine walisema kwamba tukimtoa, projekta itaondoka naye. Hilo linajibika. Lililonileta hapa ni kauli ya mwanachama mwingine, tena mwanamke: "Nyinyi wenyewe mnapiga vigelegele shujaa anapomburuta mwanamke kwa mkono, na mnarudisha nyuma ili mtazame tena. Leo mmeguswa, mnaiita dhuluma." Ukumbi mzima ulinyamaza. Je, kauli hiyo ina jibu, au tunapaswa kweli kuchagua baina ya tamthilia tunazozipenda na msimamo wetu kama wanawake?

Mwalimu wa Fasihi, Likoni, amejibu:

Mwanangu, jibu lipo, na halikulazimishi uache kupenda unachokipenda.

Litazame upya lile onyesho la kushikwa mkono, kwa utulivu, kama tunavyolisoma shairi darasani. Shujaa anamkuta mwanamke amesimama na mwanamume mwingine, anamkamata kifundo cha mkono, yule mwingine anakamata mkono wa pili, kamera inashuka hadi kwenye vidole, muziki unapanda, kisha tunaonyeshwa uso wa mwanamke. Kabla ya kufika hapo, mwandishi ametumia vipindi kadhaa kutuhakikishia kwamba mwanamke huyu anampenda shujaa na hajathubutu kusema. Sisi watazamaji tunayajua yaliyomo katika mioyo ya wote watatu, na kigelegele chetu ni cha siri inayofichuka. Waigizaji nao wamekubaliana, wamefanya mazoezi, na mwelekezi akisema inatosha, mkono unaachwa palepale. Sasa niambie, ni nani ukumbini mwenu aliyekuwa na ujuzi wa namna hiyo juu ya moyo wa yule binti? Jambo moja tu ndilo lililoonekana kwa macho, nalo ni kwamba alirudi nyuma. Mtu aliyeliona hilo kisha akamfuata hawezi kujificha nyuma ya tamthilia yoyote.

Hata hivyo, sitaki kuisafisha tamthilia kupita kiasi. Mwaka 1975 Laura Mulvey, mwanazuoni wa Uingereza, aliandika kwamba filamu za Hollywood zimejengwa juu ya jicho la mwanamume, ambapo mwanamume hutenda na mwanamke hutazamwa, na tangu hapo wanawake wengi wamejifunza kuuliza kamera imesimama upande wa nani. Onyesho lile lina kasoro hiyohiyo: linaufanya wivu uwe ushahidi wa mapenzi, na linalinyima jibu la mwanamke uzito, kwa kuwa mwandishi ameshamjibia. Mtu anaweza kuiona kasoro hiyo na bado akabaki mpenzi wa tamthilia. Nami nadhani anayeipenda kwa kina ndiye anayeiona vizuri zaidi, kwa sababu amelitazama onyesho hilo mara nyingi kuliko wanaolilaumu kwa mbali.

Tena msidhani kwamba huu ni ugomvi wa kwenu peke yenu. Mnamo Januari 2018, mwendesha mashtaka Seo Ji-hyeon alijitokeza katika runinga ya Korea Kusini akaeleza jinsi mkubwa wake kazini alivyompapasa katika mazishi mwaka 2010, na wanawake wengi wa nchi hiyo wakaanza kusema yaliyowapata. Miezi miwili baadaye Irene, mwimbaji wa kundi la Red Velvet, aliwaambia mashabiki wake kwamba amesoma riwaya ya Cho Nam-joo inayosimulia maisha ya mwanamke wa kawaida, Kim Ji-young, na namna alivyobaguliwa tangu utotoni. Kwa kosa hilo la kusoma kitabu, baadhi ya mashabiki wa kiume walizichoma na kuzikata picha zake, kisha wakaonyesha mtandaoni walichokifanya. Kwa hiyo swali la shabiki ni nani, na anamdai nini mwanamke anayemshabikia, linaulizwa hukohuko tamthilia zinakotoka.

Na sisi wa pwani tuna historia yetu. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, aliimba mapenzi, na aliimba pia juu ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja na muuaji akatoroka. Waliompenda kwa sauti yake waliyasikia yote mawili katika kinywa kimoja. Sioni kwa nini ninyi mwambiwe mchague.

Shabiki wa Zamani amejibu:

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naomba tuwe waangalifu. Nimekaa katika vikundi vya mashabiki wa mpira kwa muda mrefu na nimeona mtu akivunjiwa heshima kwa maneno ya jioni moja. Je, kaka huyu ameitwa akasikilizwa? Huenda kweli alidhani anasaidia, kwani wapo watu wasiojua mipaka kwa sababu hawakufundishwa. Picha ilikuwa kosa, nalikubali hilo, lakini fundo la utepe lisifanywe kesi kabla ya upande wa pili kusikilizwa.

Msaidizi wa Sheria, Kisauni, amejibu:

Ndugu Shabiki wa Zamani, kumsikiliza ni haki yake na naiunga mkono. Lakini wakati anasubiri kusikilizwa asiendelee kuwa msimamizi wa kikundi wala mpiga picha wa vikao, kwa kuwa kusimamishwa kwa muda si hukumu, nacho kikao kijacho hakipaswi kumpa nafasi ya kurudia.

Kuhusu sheria, watu wengi hukimbilia kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ile iliyowasilishwa Bungeni na Njoki Ndung'u alipokuwa mbunge mteule. Kifungu hicho kinawahusu watu wenye mamlaka, kama vile mwajiri au mtumishi wa umma, na mwenye projekta hana mamlaka ya aina hiyo. Kifungu kinachokaribia jambo hili ni cha 11A, juu ya tendo lisilo la heshima dhidi ya mtu mzima. Sheria imeeleza kwamba tendo hilo ni pamoja na kugusa matiti ya mtu kwa makusudi na kinyume cha sheria, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 50,000, au vyote viwili. Sijui iwapo mahakama ingeridhika na ushahidi uliopo, na si kazi yetu kuamua hapa. Nataka tu ieleweke kwamba neno "nakutengenezea tu" halimalizi shauri. Nalo andiko lililoambatana na picha linaweza kuangaliwa chini ya kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kinachohusu usumbufu wa mtandaoni.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba uamuzi wa kwenda polisi ni wa msichana mwenyewe, maadamu ni mtu mzima. Msimburute kituoni kwa hasira yenu, kwani hapo naye atakuwa amekamatwa mkono na watu wanaodai wanampenda. Mwelezeni njia zilizopo: dawati la jinsia katika kituo cha polisi, nambari ya bure 1195 inayopokea simu za dhuluma za kijinsia, na kituo cha kuwahudumia manusura katika Hospitali Kuu ya Pwani. Kisha mngojeeni. Iwapo aliyeguswa angekuwa chini ya miaka 18, maneno yangu yangekuwa tofauti kabisa, maana hapo sheria ni kali zaidi na kungoja hakufai. Kwa hiyo angalieni pia umri wa wote wanaohudhuria.

Mwandishi wa Bamburi amejibu:

Mimi ni mmoja wa wanaoandika hadithi za mashabiki, yaani nawachukua wahusika wa tamthilia nikawaendeleza pale ambapo kipindi kiliwaachia, na wasomaji wangu karibu wote ni wanawake. Nataka kuongeza jambo ambalo Mwalimu ameligusa akapita.

Niliwahi kuliandika upya onyesho lile la mkono. Shujaa anamkamata, mwanamke anasema, "Niachilie," naye anaachilia papo hapo, anasimama katikati ya barabara mikono ikiwa imening'inia, halafu anauliza kwa sauti inayotetemeka kama anaweza kumsindikiza hadi kituo cha basi. Mwanamke anakaa kimya, anatazama upande mwingine, kisha anasema, "Tembea upande ule wenye magari." Hakuna kipande nilichokiandika kilichopata ujumbe mwingi wa furaha kama hicho. Wasomaji waliniambia kwamba hapo ndipo walipoanza kumpenda mwanamume yule, kwa kuwa kwa mara ya kwanza neno la mwanamke lilikuwa na nguvu ya kubadilisha kitu. Kwa hiyo anayesema kwamba tunachokishangilia ni kuburutwa ametusoma nusu. Wengi wetu tunashangilia kutamaniwa na mtu asiyejificha, na pale waandishi walipotuletea hilo likiwa limefungwa pamoja na nguvu, tuliyapokea yote mawili kwa kuwa hatukupewa moja peke yake.

Ndugu Shabiki wa Zamani, wewe ni mtu wa mpira, basi nikukumbushe tarehe 20 Agosti 2023 mjini Sydney. Wanawake wa Uhispania walikuwa wametwaa Kombe la Dunia, na rais wa shirikisho lao, Luis Rubiales, akambusu mchezaji Jenni Hermoso mdomoni mbele ya macho ya ulimwengu. Alisema waliridhiana, Hermoso akasema hakuridhia. Rubiales alisikilizwa kikamilifu, kama unavyotaka, na mnamo Februari 2025 mahakama ikamtia hatiani kwa unyanyasaji wa kingono na kumtoza faini ya yuro 10,800. Wachezaji waliomtetea mwenzao ndio walewale walioupenda mchezo kiasi cha kuuchezea fainali, na waliutetea mchezo pia.

Na yule mwanamke aliyesema maneno yale msimtupe. Huenda ameishi na mtu anayemkagua simu kila jioni na kuita jambo hilo mapenzi, na akaona ni nafuu kuamini kwamba wanawake wote huchagua yanayowapata. Mpeni nafasi ya kuzungumza wakati ukumbi hauna watu wengi.

BintiTudor amejibu:

Nawashukuru nyote, na hasa Mwalimu, kwa sababu jibu la "alirudi nyuma" ndilo nililolikosa siku ile.

Nimezungumza na msichana. Anataka picha iondolewe, anataka mhusika asiwepo ukumbini anapokuja, na kwa sasa hataki kwenda polisi, ingawa nambari ya 1195 ameichukua. Ameomba pia kwamba mhusika asikilizwe na wasimamizi watatu faraghani na kwamba jambo hili lisijadiliwe tena katika kikundi, kwa kuwa kila anapoona jina lake likitajwa anahisi ameguswa upya. Tumekubali. Tumeandika kanuni itakayosomwa mwanzoni mwa kila kikao, kwamba mwili na vazi la mwenzako haviguswi, na picha yake haipigwi wala haisambazwi, mpaka umeuliza na umejibiwa. Projekta tutakodi kwa michango, na mwezi ambao michango haitatosha tutatazama kwenye runinga ya mama mmoja wa kikundi, ambaye amejitolea sebule yake.

Dada mwandishi, onyesho lako jipya tungependa kulisoma kwa sauti katika kikao kijacho, ukituruhusu.

Msaidizi wa Sheria, Kisauni, amejibu:

Kabla picha haijaondolewa, msichana au mtu anayemwamini ahifadhi nakala ya skrini inayoonyesha picha, maneno yote, tarehe, saa na nambari iliyotuma, na nakala hiyo ibaki kwake peke yake. Akibadili nia baada ya miezi kadhaa, ataihitaji.

Mwandishi wa Bamburi amejibu:

Nimeruhusu, na nitakuja kuisoma mwenyewe.