Jenereta ya petroli, Kabale: wati ngapi?

MwalimuKabale: Wakuu, shikamooni. Umeme ukikatika jioni, samaki wa mama watoto wanaharibika frijini. Nina friji ndogo, taa, televisheni na pampu ya maji ya nusu hospawa. Dukani wananisukumia ya wati 1,000, ile ya kuchanganya oili na petroli. Bei tamu. Itatosha?

FundiStima: Marahaba. Kwa taa na televisheni, sawa. Pampu hiyo ikizunguka hula kama wati 600, lakini kuanza tu hudai mara tatu au zaidi. Halafu upo karibu mita 2,000 juu ya bahari. Injini ya petroli hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000. Chukua ya wati 3,000 za kudumu, yenye oili yake peke yake. Usidanganywe na zile "max" za kwenye katoni, hizo ni za muda mfupi tu! Na waya wa jenereta usiuchomeke kwenye soketi ya ukutani, umeme utarudi kwenye laini ya nje na utamuua fundi aliye juu ya nguzo. Weka swichi ya kubadilishia, inayotenga nyumba na laini ya nje jenereta ikiwaka.

MamaBusia: Mwalimu, isikae barazani wala jikoni hata mvua ikinyesha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Mbali na madirisha, juu yake kibanda kilicho wazi pande zote.

MwalimuKabale: Asanteni. Je, nikijaza tangi la maji mchana umeme ukiwepo, pampu niitoe kwenye hesabu?

FundiStima: Hapo 2,000 inatosha, na petroli utaokoa.