Wanafunzi kubuni nyumba ya mlinzi: nianzie wapi?

Mwalimu wa Jiografia, Dodoma
Habari za leo wadau. Nafundisha kidato cha tatu. Shule inataka kujenga upya nyumba ya mlinzi, na mkuu amekubali wanafunzi wangu wachore ramani. Sitaki wakariri maana ya makazi endelevu, wapate alama, kisha wakimaliza shule wakate miti kuchomea tofali. Darasa letu ni la bati lisilo na dari, ikifika saa saba mchana hakuna anayesikiliza. Nani amewahi kufundisha hivi?

Fundi mwashi, Mbeya
Mwalimu, anza na udongo wa kufyatulia tofali, karatasi baadaye. Chupa ya maji waijaze udongo hadi nusu, waongeze maji, watikise, waiache hadi kesho yake. Mchanga unatuama chini, mfinyanzi juu, mpaka wake unaonekana kwa macho. Halafu watengeneze kisanduku cha mbao: urefu sentimita 60, upana 4, kina 4. Wakipake oili, wajaze udongo uliolowa, wakiache kivulini wiki moja. Wapime pengo lililobaki kati ya udongo na kisanduku. Udongo uliosinyaa sana una mfinyanzi mwingi, utadai saruji zaidi au uchanganywe na mchanga. Tofali za kufungamana, zile zinazoshikana zenyewe kwa zenyewe, hazichomwi, zinashindiliwa kwa mashine ya mkono. Lakini zinyunyiziwe maji kivulini siku saba mfululizo. Vijana wengi hutegea hapo, wasimamie.

Mwalimu mstaafu, Mpwapwa
Mwanangu, usiliache tembe, nyumba ya jadi ya Wagogo. Weka kipimajoto kimoja ndani ya tembe, kingine darasani, waandike kila saa tangu asubuhi. Paa lile la udongo mnene huchelewa sana kupitisha joto, bati hupitisha papo hapo. Sikushauri mjenge tembe, linakula miti na masika huvuja. Ila wakishaona tofauti kwenye daftari lao, wenyewe watakuuliza habari ya dari. Na mlinzi wamemhoji?

Msanifu majengo, Arusha
Swali la mzee ndilo lenyewe. Kule Alabama, Marekani, Samuel Mockbee na D.K. Ruth wa Chuo Kikuu cha Auburn walianzisha Rural Studio mwaka 1993. Wanafunzi wanabuni na kujenga kwa mikono yao nyumba za familia halisi za Hale County. Nyumba ikiwa na mwenyewe, mchoro mbaya unaonekana mapema. Wape na hesabu ya maji: Dodoma hupata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, bati la mita 6 kwa 8, hata ukitoa robo ya kupotea, ni zaidi ya lita 20,000. Tangi liwe la ukubwa gani?

Mwalimu wa Jiografia, Dodoma
Asanteni sana, shikamoo mzee. Vipimajoto nimepata maabara. Mlinzi tumemhoji leo: anakesha usiku, analala mchana, na anataka dirisha linalotazama geti. Geti liko magharibi. Nusu ya darasa wanasema jua la alasiri litampiga usoni akiwa amelala, nusu wanasema bila dirisha hilo hafanyi kazi. Kesho wanaleta michoro, upande mmoja umeshaanza kuchora baraza.