Kupiga picha ndege Ziwa Duluti mchana, mwenye uzoefu anisaidie

tengeru_boy: Wakuu habari za jioni. Leo mchana nilikuwa Duluti, huku Arusha, ndege wapo wa kutosha kuna mnandi wamekaa kwenye gogo wametanua mabawa, mdiria naye anachomoka majini na samaki mdomoni ila kila picha yake imetoka ukungu mtupu. Natumia lenzi ya kuvuta ya 55-250mm. Shida ni lenzi au nini?

Kibo_77: Lenzi haina neno mkuu. Shata (kasi ya kamera kufunguka na kufunga) umeweka ngapi? Kwa ndege anayeruka anzia 1/1600 ya sekunde kwenda juu, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) iache ipande tu, chenga za picha zinasafishika lakini picha iliyotikisika ndo basi tena. Halafu mdiria usimkimbize, ana tawi lake analorudia, fokasi hapo umsubiri.

mama_ndege: Naongezea mwanangu, mchana jua liko magharibi kwa hiyo kaa upande huohuo wa magharibi utazame ng'ambo, mwanga uwe mgongoni kwako. Ila usichelewe sana maana lile ni ziwa la kreta, kingo zimeinuka na msitu juu, kivuli kinawahi kweli. Hao mnandi wala usiwe na haraka nao, manyoya yao yanalowa wakizamia ndo maana wanajianika vile, hawaondoki leo wala kesho 😂

tengeru_boy: Shikamoo mama, asante. Shata ilikuwa 1/250 kumbe. Na furukombe je? Kichwa kinatoka cheupe pee hakuna hata unyoya.

Kibo_77: Shusha mwanga kidogo kwenye ile sehemu ya +/- ya kamera, -1 hivi.